Betri Moja, Mabwana Watatu

Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kufua umeme kwa maji ya Mto Pangani mwaka 1964: mitambo miwili, megawati 21. Kwa miaka mingi umeme ule ulipita juu ya mashamba ya mkonge ukienda mijini, huku vijiji vingi vya Korogwe na Handeni vikisikiliza taarifa ya habari kwa redio iliyofungwa kwenye betri ya gari. Aliyezihudumia betri hizo hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi wa kibandani, na ni yeye ninayetaka kumsifu.

Zamani kazi yake ilielezeka kirahisi. Betri ililetwa kwa baiskeli, ikalala kwenye chaja, kesho yake mwenyewe akalipa na kuichukua. Siku hizi duka la Mkata au Kabuku linaweza kuwa na paneli juu ya bati, umeme wa TANESCO ukutani, na jenereta ndogo ya petroli uani kwa siku za kukatikiwa. Betri ni moja. Mabwana ni watatu, kila mmoja anataka kuijaza, wala hana habari kama wenzake wapo.

Wengi hudhani vyanzo vikiwa vingi betri itajaa upesi. Wapi! Kontrola ya sola haioni kilichomo ndani ya betri. Inapima volti za kwenye vichwa vyake tu. Chaja ya TANESCO ikishazipandisha volti hadi 14.4, kontrola inaweza kuamini kwamba kazi imekwisha, ikaanza kudonyoa, na jua la saa saba mchana likaishia kwenye bati. Umeme ukikatika hapo, kontrola nyingine huendelea kudonyoa vilevile, na jioni taa zinafifia mapema. Mwenye duka atalaumu paneli. Paneli haina kosa.

Fundi anayejua kazi huwapangia zamu. Jua halilipiwi, kwa hiyo mchana ni wake. Jenereta, kama haina budi, iwashwe asubuhi betri ikiwa imeshuka, kwa sababu wakati huo inameza ampea nyingi. Robo ya mwisho ya betri ya risasi huingia taratibu hata ulazimishe vipi, na hiyo liachiwe jua. Kumalizia betri kwa petroli ni kuchoma fedha, na nashangaa ni wangapi wanaofanya hivyo kila siku kwa moyo mweupe.

Lakini kabla ya kupanga zamu, lazima ajue hali ya betri yenyewe, na hapo ndipo napenda kumtazama.

"Fundi, jana imeshinda inachaji, usiku haikufika hata saa tatu."

"Iache ipumzike kwanza, mama. Ikitoka kwenye chaja haisemi kweli."

Ni kweli haisemi. Betri iliyotolewa sasa hivi huonyesha volti za kujivunia. Iliyojaa sawasawa, ikishatulia saa kadhaa, husoma 12.6 au 12.7. Kisha anafungua vifuniko sita, kimoja kimoja, anavuta maji kwa haidromita na kuinyanyua mpaka usawa wa jicho. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265. Tano zikisoma hivyo na ya tatu kutoka mwisho ikasoma 1.150, haulizi tena habari ya sola. Maji yakiwa yamepungua, anaongeza yaliyochujwa kwa mvuke, haongezi asidi: kilichokauka kwa joto la Handeni ni maji, asidi ingali humo.

Pale njiapanda ya Segera kisa kinageuka sura. Lori la mizigo hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Dereva anataka redio, anavuta waya kutoka betri moja. Altaneta haijui hilo; inazichaji zote mbili kwa pamoja, ile inayonyonywa ikibaki na njaa na mwenzake akivimbiwa, hadi zote zife. Fundi huuona waya huo kabla hajatoa mita mfukoni. Na kule Pangani mto unakoishia, boti yenye injini na paneli ina ugomvi huohuo, ila baharini hakuna wa kuisukuma.

Sasa zimeingia betri za lithiamu. Hazina vifuniko, hazina maji, na volti zake hazibadiliki sana iwe imebaki robo tatu au nusu. Haidromita haina la kusema hapo, na mita ya volti inasema kidogo mno. Fundi atahitaji mita inayohesabu ampea zilizoingia na zilizotoka, na itambidi kwanza amshawishi mwenye duka kwamba kifaa hicho, kisichowasha hata taa moja, kinastahili kununuliwa.