Chembe Mia Moja

Damu ikishaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, haraka haina nafasi. Ndani ya kichupa mna dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo lazima ichanganyike na damu yote. Mpimaji hakitikisi, maana kutikisa kunapasua chembe. Anakipindua taratibu, kichwa chini kisha juu, mara nane au kumi, macho yakifuata kiputo cha hewa. Hapa ni Bwiza, Bujumbura, katika maabara ndogo ya mtaani. Nje watu wanapatana bei kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, lugha zote tatu pengine katika sentensi moja. Mwenye damu, mzee aliyepita miaka 70, amekaa kwenye benchi akibana pamba kwenye kiwiko.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, mzee wangu. Sasa ndiyo naanza."

Anapangusa kioo chembamba, anadondosha tone dogo karibu na ncha. Kioo cha pili anakiinamisha nyuzi 30 au 40 hivi, anakivuta nyuma mpaka kiguse tone, anangoja damu itambae ukingoni pote, kisha anakisukuma mbele kwa mkupuo mmoja. Akisukuma polepole, chembe nyeupe zitakokotwa zirundikane mwishoni; akikisimamisha mno kioo, utando utakuwa mfupi na mzito. Wa kwake unaanza mzito, unapungua kidogo kidogo, unaishia kwenye ukingo mwembamba unaopitisha mwanga wa dirisha. Anatengeneza na wa pili, wa akiba.

Utando ukikauka unazamishwa kwenye methanoli ili chembe zishike, ndipo rangi zinafuata: May-Grünwald kwanza, Giemsa baadaye, kila moja kwa dakika zake, halafu maji. Saa ya ukutani anaitazama, lakini naona anaiamini zaidi rangi yenyewe: anainua kioo, anakitazama kwa jicho tupu, anakirudisha kidogo. Kiini cha chembe nyeupe kinatakiwa kiwe zambarau, chembe nyekundu ziwe za waridi.

Kisha anaketi kwenye hadubini. Tone la mafuta juu ya kioo, lenzi kubwa inashushwa mpaka iyaguse. Anatafuta sehemu ambayo chembe nyekundu zimekaribiana bila kulaliana, anaanza kuhesabu chembe nyeupe: hatua chache juu, chache pembeni, chache chini, asipite mahali pamoja mara mbili. Neutrofili, limfosaiti, neutrofili, monosaiti. Kidole cha mkono wa kushoto kinabonyeza kihesabio bila yeye kuinua macho. Anazidi kupunguza mwendo anapokutana na limfosaiti kubwa kuliko kawaida. Anaizungushia lenzi mbele na nyuma aone kama ni chembe changa iliyotoka kwenye uboho kabla ya wakati wake. Siyo. Anaendelea mpaka 100. Kila kitu kiko sawa, na hivyo ndivyo anavyoandika.

Mzee huyu hayumo katika utafiti wowote. Ameletwa na uchovu. Lakini jibu kama lake, la damu isiyo na kasoro mbele ya jicho lililozoea, ndilo lango la utafiti mmoja mkubwa wa miaka hii. Seli shina za uboho, zinazozaa damu yote, hujikusanyia mabadiliko ya jeni kadiri mtu anavyoishi, takriban 17 kwa kila seli kila mwaka. Mengi hayana athari. Machache, hasa kwenye jeni ziitwazo DNMT3A, TET2 na ASXL1, huipa seli moja nguvu ya kuzaana kuliko wenzake. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi waliovuka miaka 70 ana ukoo wa namna hiyo katika damu yake, na hadubini haiuoni.

Kuuona kunataka subira ya aina nyingine. Kichupa kinazungushwa kwenye mashine mpaka damu ijitenge, na kati ya maji ya manjano na chembe nyekundu kunabaki utando wa kijivu, mwembamba sana, wenye chembe nyeupe. Huo unanyonywa kwa uangalifu na DNA inatolewa humo. Kila kipande kinatiwa alama yake, kinasomwa, na mahali pamoja panarudiwa mara mamia, hata maelfu. Badiliko la kurithi kwa kawaida litaonekana katika nusu ya nakala au katika zote. Lililopatikana ukubwani huenda likaonekana katika nakala tatu tu kati ya mia, na mashine yenyewe hukosea herufi hapa na pale. Kwa hiyo kuna mpaka: chini ya asilimia 2, wengi hawalihesabu.

Mwaka 2017 ilionekana kwamba wenye mabadiliko haya hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara mbili ya wasio nayo. Katika panya, seli zilizopoteza TET2 zilizidisha uvimbe ndani ya kuta za mishipa. Saratani ya damu huwapata wachache, kati ya nusu na mmoja katika kila mia kwa mwaka. Naona ni haki kumweleza mtu takwimu hii ya pili polepole kuliko ya kwanza, maana neno saratani humfikia kabla ya hesabu.

Hatari hizo zilijulikana kwa sababu kuna watu waliofuatiliwa miaka mingi baada ya kutoa damu wakiwa wazima. Afrika Mashariki kazi ya kufuatilia hivyo si ngeni. Katika vijiji vya Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba tangu 1989, kwanza kwa ajili ya VVU, baadaye kwa shinikizo la damu na kisukari pia. Mwaka 2019 zilichapishwa DNA za karibu wanakijiji 2,000 zilizosomwa kikamilifu. Hapo zilichunguzwa jeni za kurithi. Mabadiliko ya ukubwani yanahitaji damu ile ile, ichukuliwe tena kwa mtu yule yule miaka kumi baadaye, na kioo chake kihesabiwe upya mpaka mia.