Misokoto ya Curlz kwenye Kadi ya Mchango

Kamati ya harusi inapofika steshenari, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, kuagiza kadi za mchango, fundi hufungua orodha ya fonti zilizomo kwenye kompyuta. Mojawapo ni Curlz, iliyochorwa mwaka 1995 na Carl Crossgrove na Steve Matteson kwa kampuni ya Monotype. Ilisambaa kwa kuwa ilikuja ndani ya Microsoft Office. Wengi waliikuta tu imo.

Ufundi wake uko kwenye ncha. Herufi husimama wima, ila mstari unapokaribia kuishia hujisokota, mithili ya mmea wa maboga unaotambaa. Jicho hushika kwanza umbo la herufi, ndipo likafurahia msokoto. Kwa hiyo majina ya maharusi yakiwekwa kwa pointi 36 hupendeza na husomeka.

Aya nzima ni habari nyingine. Kiswahili kimejaa irabu: neno “mnakaribishwa” lina a tatu, na kompyuta huziweka zote kwa umbo lilelile. Anayeandika kwa kalamu angezitofautisha kidogo bila hata kukusudia. Mchora herufi Hermann Zapf alilishughulikia hilo kwenye fonti yake ya Zapfino ya mwaka 1998, akaipa herufi moja maumbo zaidi ya moja.

Balaa kubwa zaidi ni herufi kubwa tupu. Fonti ya Monotype Corsiva, kazi ya Patricia Saunders iliyofuata mwandiko wa Mwitaliano Ludovico degli Arrighi, ina herufi kubwa zenye mikia iliyokusudiwa kufungua neno. Ukoo wa Mwakipesile ukiandikwa wote kwa herufi hizo, mikia hugongana na msomaji hulazimika kuliokoteza jina herufi kwa herufi. Inasikitisha, maana hilo ndilo jina ambalo kadi imetengenezwa kuliheshimu.

Halafu kuna WhatsApp. Picha ya kadi hubanwa inapotumwa, na vimistari vyembamba ndivyo vinavyofifia mwanzo. Namba ya simu ya mweka hazina ikiwa kwenye Curlz na ikasomwa vibaya, mchango unaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa. Matteson mwenyewe, alipochora fonti ya Droid kwa ajili ya simu za Android, hakuweka pambo lolote: alijua kioo kidogo kinahitaji nini.

Karatasi nayo ina masharti yake. Neema Crafts ya Iringa, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, hutengeneza karatasi kwa mikono, nyingine kwa kinyesi cha tembo. Karatasi ya namna hiyo ina nyuzinyuzi na wino husambaa, hivyo misokoto midogo huziba. Hapo majina yanenepeshwe na yapewe nafasi pana pembeni, huku tarehe, ukumbi na namba za simu zikibaki kwenye fonti nyofu ya pointi 12.