Mwongozo wa kuwasha dizeli kwenye baridi: baridi ya nani?

Ukipita Mwigobero alfajiri utamkuta mtu anahangaika na hendeli ya mashine ya kusaga. Imegoma. Ukiuliza, unajibiwa, “Si unaona baridi hii ya ziwa?” Basi tukaomba kitabu cha mwongozo cha mashine kama hiyo, tukausoma ukurasa wa baridi.

Kwa sayansi, ukurasa uko sawa. Dizeli haina plagi ya cheche: pistoni inabana hewa mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta. Hewa ikianza na baridi, inaishia na joto pungufu. Oili nayo inakuwa nzito, unazungusha polepole, joto linapotelea kwenye kuta za silinda. Ndiyo maana mwongozo unasema inua kwanza kile kijiti cha kuachia kompresheni, zungusha mpaka injini ichangamke, ndipo ukiachie. Safi.

Shida ni kwamba ukurasa uliandikiwa nchi za theluji. Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, lakini asubuhi zake za kawaida ni nyuzi 16 hadi 19 hivi. Hiyo haigomeshi injini nzima. Kitabu hakisemi hivyo, kwa hiyo wewe unalaumu upepo wakati ringi zimekwisha, nozeli inachuruzika au bomba la mafuta limevuta hewa.

Kosa kubwa zaidi ni ukimya. Hakuna neno kuhusu watu wanaopuliza etha kwenye eya klina. Etha inawaka mapema mno, kabla pistoni haijafika juu, na hendeli inarudi nyuma kwa nguvu. Hakuna neno kuhusu kidole gumba: kiweke upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie hendeli, ili ikirudi iponyoke mkononi badala ya kukuvunja. Wala hakuna neno kuhusu kufungua mlango wa kibanda, ingawa moshi wa injini kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Hukumu yetu? Kisome, kinafundisha vizuri kwa nini. Ila chukua chaki, uandike ukutani juu ya mashine yale kilichoyasahau: gumba nje, etha hapana, mlango wazi. Na ikigoma kila asubuhi, mwite fundi, achana na hali ya hewa.