Uhakiki wa Dhana ya "Upotevu" wa Nyuzi Nyumbufu katika Maradhi ya Ngozi Legevu

Maandishi mengi kuhusu kutisi laksa, maradhi adimu ambayo ngozi hulegea na kuning'inia kama vazi lililompwaya mvaaji, hueleza chanzo chake kuwa ni upotevu wa nyuzi nyumbufu. Istilahi hii inastahili kuhojiwa. Kitu hakipotei kabla ya kuwapo, na katika aina nyingi za kurithi nyuzi hizo hazikupata kuundwa ipasavyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na jeni FBLN5. Mwaka 2002 ilidhihirika kwamba panya waliokosa protini ya fibulini-5 huwa na ngozi legevu, mapafu yaliyotanuka na aota iliyopindapinda. Mwaka huohuo kasoro ya jeni hiyo ikabainika kwa binadamu. Tropoelastini, malighafi ya nyuzi hizo, ilikuwapo. Kilichokosekana ni protini ya kuipachika kwenye nyuzi ndogo za fibrilini. Kasoro ya ATP6V0A2, iliyotambuliwa mwaka 2008, hutokea hatua ya awali zaidi: pampu ya protoni katika Golgi hudhurika, na malighafi hukwama ndani ya seli. Kasoro ya ATP7A nayo hukinyima kimeng'enya cha lisili oksidezi shaba kinayoihitaji ili kufunga molekuli za elastini pamoja. Hizi ni hatua tatu tofauti kabisa, ilhali kipande cha ngozi kilichotiwa rangi ya elastini na kutazamwa kwa hadubini ya kawaida chaweza kuonyesha upungufu uleule.

Uharibifu halisi huonekana katika aina isiyo ya kurithi, ambapo elastasi ya neutrofili humeng'enya nyuzi zilizokwisha kukomaa. Hata hapa, ni lazima kukiri, mpaka tunaouchora si kamili: mwaka 2006 iliripotiwa kwamba uharibifu wa aina hiyo uliofuatia inflamesheni uliambatana na mabadiliko katika jeni za elastini na fibulini-5. Huenda nyuzi zilizojengwa kwa udhaifu ndizo huvunjwa kwa wepesi.

Suala hili si la msamiati tu. Anayeamini kwamba nyuzi zimevunjwa atatafuta kizuizi cha elastasi. Kwa mtoto ambaye nyuzi zake hazikuunganika, dawa hiyo haina cha kukinga. Tena, daktari anayetosheka na neno "upotevu" katika ripoti ya ngozi anaweza kuacha kuchunguza mapafu na aota, ambako kasoro ya FBLN4 huweza kuua.