Vina vya chekechea vianzie masikioni, si kwenye chati

MAJUZI mpwa wangu aliye PP2 alinionyesha daftari lake kwa unyonge. Mwalimu alikuwa amewaandikia wanafunzi maneno 'paka', 'taka' na 'kaka', kisha akawataka waongeze neno moja lenye mwisho kama huo. Mtoto akaandika 'daka'. Akakosolewa kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Mjomba, mwalimu alisema hiyo haiko kwa chati."

'Daka' ni neno la Kiswahili. Mtoto hulisikia kila mpira unaporushwa uwanjani. Hata angesema 'laka', neno lisilo na maana, bado sikio lake lingekuwa limenasa silabi 'ka', na hilo ndilo lengo la somo lenyewe. Maana ya neno ingeweza kujadiliwa baadaye.

Ajabu ni kwamba chati hiyo hiyo iliyomhukumu ilikuwa na kosa. Ilidai kwamba 'mama' na 'baba' yana vina. Katika arudhi yetu, kina ni silabi nzima, si irabu pekee. 'Ma' na 'ba' zinashirikiana irabu 'a' tu, basi. Kwa upande mwingine, 'weka' na 'suka' yana kina kimoja cha 'ka', ingawa mwalimu aliyezoea vitabu vya Kiingereza huenda akayakataa kwa kuwa irabu zinazotangulia zinatofautiana.

Je, somo hili lifundishwe vipi? Kwa maoni yangu, kalamu zikae kando kwanza. Watoto waketi kwa duara, mwalimu aseme 'kiti' huku akirusha mpira. Atakayeudaka ataje neno linaloishia kwa 'ti': 'shati', 'chapati', 'mti'. Kina kikilingana, wenzake wapige makofi. Kisipolingana, wanyamaze, naye ajaribu tena. Mtoto akibuni neno, wacheke pamoja, kisha mwalimu aulize: "Nani analijua neno hili?" Hapo hakuna anayeaibishwa, na msamiati unapanuka.

Mchezo huu si wa kupoteza wakati. Kusoma Kiswahili hutegemea sana silabi. Aliyezoea kuisikia 'ka' katika 'paka' na 'weka' hatatatizika akiiona imeandikwa. Na madhara ya kuupuuza hujitokeza baadaye. Nimewasahihishia wanafunzi wa sekondari wanaokariri 'ukwapi' na 'utao' bila tatizo, lakini wakitunga ubeti, wanalinganisha irabu za mwisho na kuziita vina. Hao hawakufunzwa kusikiliza.

Jioni hiyo mimi na mpwa wangu tulirushiana mpira uani. Nilisema 'paka'. Akaudaka, akanitazama kwanza kama anayeomba ruhusa, kisha akasema 'daka'. Nikampigia makofi. Walimu wetu wa chekechea nao wasiwe wachoyo wa makofi hayo.