Je, Mvumilivu Hula Mbivu? Uvumilivu na Familia katika Chozi la Heri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna sentensi moja ambayo hunikuta kila ninapoketi kusahihisha majibu ya Karatasi ya Tatu: "Mwandishi anatufunza kwamba mvumilivu hula mbivu." Huja mwishoni mwa jibu, baada ya hoja tano au sita, na mara nyingi haina uhusiano wowote na hoja hizo. Hutumika kwa riwaya, kwa tamthilia na kwa hadithi fupi. Mtahiniwa akikosa la kusema juu ya mhusika aliyeteseka, methali hii humwokoa.

Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2014 na kutahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, haikubaliani na methali hiyo jinsi tunavyodhani. Mwandishi anathamini uvumilivu, lakini anatuonyesha kwamba uvumilivu wa mtu aliyeachwa peke yake humwangamiza. Wanaookoka katika riwaya hii ni wale waliopata mtu wa kuwashika mkono. Kwa hivyo maudhui ya uvumilivu na maudhui ya familia, ambayo sisi walimu huyafundisha kama mada mbili tofauti, kwa kweli ni mada moja.

Kosa nililolifanya

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu katika shule moja hapa Kakamega. Niliwapa wanafunzi swali hili: "Thibitisha kuwa uvumilivu una malipo mema katika riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)". Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji darasani, aliandika ukurasa mmoja na nusu akieleza kwamba kauli hiyo haithibitiki. Nilimpa alama nne na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Soma swali!"

Nilipozirudisha karatasi, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Subira alikula mbivu gani?" Darasa likacheka. Nilimjibu kwamba swali lilitaka uthibitisho, halikutaka ubishi. Aliketi, na hakuuliza tena muhula ule wote.

Miaka miwili baadaye, nikiandaa kundi jingine kwa mtihani, niliisoma tena sura ya Mwanaheri na kuona kwamba yule msichana alisema kweli. Swali langu ndilo lililokuwa na kasoro, kwa kuwa lilikuwa limeshajijibu. Wakati huo alikuwa amekwisha kumaliza shule, na zile alama nne zilikwisha kuwa nne daima. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Subira: majazi yanapogeuka kinaya

Tuanze na huyo Subira. Ni mke wa Kaizari na mama yao Lime na Mwanaheri. Mama mkwe wake hampendi kwa sababu ametoka katika jamii nyingine. Anavumilia masimango nyumbani. Zinapozuka ghasia za baada ya uchaguzi, familia yake inavamiwa, wanawe wanatendewa unyama, naye anajeruhiwa. Baada ya hayo yote bado chuki ya mama mkwe haipoi. Mwishowe anaondoka nyumbani, na huko mjini alikokwenda anafariki mbali na mumewe na wanawe.

Sasa tazama jina lake. Wanafunzi wetu wanaijua mbinu ya majazi: mhusika hupewa jina linalolingana na tabia yake. Watakuambia haraka kwamba Subira ameitwa hivyo kwa sababu ni mwenye subira, nawe utawapa alama moja. Lakini usiishie hapo. Waulize: mwandishi anayempa mhusika jina la Subira, kisha akamwacha afe bila kuvuna chochote, anatuambia nini kuhusu subira yenyewe? Hapa majazi yamegeuka kinaya. Tulitarajia mwenye subira avute heri, lakini heri hatuioni.

Mtahiniwa, hoja kama hii haiwezi kupatikana katika mwongozo wa kununua. Utaipata kwa kukisoma kitabu na kujiuliza swali moja rahisi: huyu mhusika alipovumilia, nani alikuwa upande wake?

Ridhaa: mvumilivu aliyeshikwa mkono

Linganisha na Ridhaa. Riwaya inapoanza, Ridhaa ni daktari aliyepoteza jamaa zake katika moto uliowashwa na watu aliowahesabu kuwa majirani. Lakini kwa mbinu rejeshi tunarudishwa hadi utoto wake. Alipokuwa mwanafunzi mgeni shuleni, wenzake walimtenga na kumwita mfuata mvua. Alikimbia nyumbani akilia, akiapa kutorudi shuleni.

Ni nini kilichomrudisha? Hakujikaza kisabuni peke yake. Mama yake alimtuliza na kumpa moyo, na mwalimu akazungumza na wanafunzi kuhusu kuishi pamoja. Kwanza watu wazima wawili walitimiza wajibu wao, ndipo mtoto akapata nguvu ya kuvumilia. Akasoma hadi akawa daktari. Hapa methali yetu inakubalika, lakini tuitaje kwa ukamilifu wake: mvumilivu huyu alikula mbivu kwa sababu kuna watu waliomsaidia kuufikia mti.

Sisi walimu tuisome sehemu hii kwa makini, kwa maana inatuhusu. Mwandishi hakumpa mwalimu yule hotuba ndefu wala hakumfanya shujaa. Alifanya jambo moja dogo kwa wakati ufaao. Katika Mkoa wa Magharibi wa zamani, kama kwingineko nchini, tuna madarasa yenye watoto wa jamii mbalimbali, na vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki iliandikisha kuwa ziliua watu 1,133, zilianza na maneno kama hayo ya kumwita jirani mgeni. Riwaya haiitaji Kenya kwa jina, lakini msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa.

Sauna: uvumilivu wa kunyamazishwa

Watahiniwa wengi humwona Sauna kama mhusika mwovu tu. Ndiye kijakazi anayewaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi. Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Uovu huo haukanushiki. Hata hivyo, mwandishi anatupa usuli wake. Sauna alinajisiwa na baba yake wa kambo. Mama yake alipogundua, hakumwendea chifu wala polisi. Alihakikisha mimba imetoka, kisha akamtaka binti afunge kinywa ili aibu isiingie nyumbani.

Huo nao ni uvumilivu, na ndio ule ambao jamii yetu hupenda kuwadai wasichana. "Vumilia, usiivunje nyumba." Matokeo yake tunayaona. Mtoto aliyenyimwa mtetezi katika familia yake anakua na kuzivunja familia za wengine. Mwandishi hamsamehi Sauna, wala sisi hatulazimiki kumsamehe, lakini anatutaka tuone njia aliyopitia. Ukiulizwa umwelezee Sauna kwa alama kumi, usiandike sifa kumi za ubaya. Eleza pia nani aliyemwangusha kwanza.

Umu: familia ya kujengwa

Katikati ya riwaya tunao watoto watatu wa Lunga na Naomi: Umulkheri, Dick na Mwaliko. Baba anafutwa kazi kwa kupinga wananchi wasiuziwe mahindi mabovu, mama anaondoka, baba anafariki, kisha Sauna anawaiba wavulana. Umu anarudi kutoka shuleni na kukuta nyumba tupu.

Angalia anavyofanya. Hakai akingoja malipo ya uvumilivu. Anapiga ripoti kwa polisi. Anapoona hapati msaada, anaondoka kwenda mjini, na huko anakutana na Hazina, kijana wa mitaani ambaye zamani alimpa pesa kidogo. Hazina, ambaye sasa ana kazi, anamfikisha mahali pa usalama. Baadaye Umu anapata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi. Mwangeka mwenyewe alipoteza mke na mtoto katika moto ule ule wa nyumba ya Ridhaa. Mwaliko naye anapangwa na Mwangemi na Neema. Kwa hivyo wazazi waliofiwa na watoto waliopotezwa wanaungana kuwa familia moja.

Hapa ndipo Chozi la Heri inapoachana na riwaya nyingine tuliyoipenda, Siku Njema ya marehemu Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili, aliyefiwa na mama yake Zainabu Makame kule Tanga, anasafiri hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kwake familia ni damu, na safari yote ni ya kuifuata damu hiyo. Kwa Matei familia ni uamuzi. Mtu huamua kumfungulia mtoto mlango, na siku hiyo anakuwa mzazi wake.

Fundisho hili lina uzito kwa watoto tunaowafundisha. Hapa kwetu wapo wengi wanaolelewa na nyanya, shangazi au mjomba. Tunaposoma kisa cha Chandachema, aliyelelewa na nyanya yake, na ambaye baada ya kifo cha nyanya huyo aliishia kuchuma majani chai ili apate riziki, kuna wanafunzi wanaoinamisha vichwa. Wanayajua mashamba ya chai yaliyo pembezoni mwa Msitu wa Kakamega kwa mikono yao, wala si kwa picha. Mwanafunzi kama huyo akisikia kwamba familia ya kweli ni baba, mama na watoto, anasikia kwamba yeye hana familia. Riwaya inamwambia anayo.

Kasoro ya sadfa

Uhakiki wa haki hautaji mazuri tu. Kasoro ya riwaya hii, kwa maoni yangu, ni wingi wa sadfa. Umu anakutana na Dick katika uwanja wa ndege baada ya miaka mingi ya Dick kutumikishwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya. Kisha Mwaliko naye anapatikana, ndugu watatu wakaungana tena. Msomaji anafurahi hata machozi, lakini akitulia anajiuliza: je, kama ndege ingechelewa?

Hata hivyo tutofautishe sadfa na sadfa. Umu kumkuta Hazina ni sadfa iliyoandaliwa, kwa maana wema wa Umu ulitangulia, na wema wa Hazina ni malipo yake. Umu kumkuta Dick hakukuandaliwa na tendo la mtu yeyote. Sadfa ya kwanza inaipa nguvu dhamira ya mwandishi kwamba binadamu huokolewa na binadamu. Ya pili inaidhoofisha, kwa kuwa inaiachia bahati kazi ambayo polisi na mahakama walishindwa kuifanya. Mtahiniwa anayeweza kueleza tofauti hii ameshahama kutoka kuorodhesha mbinu hadi kuhakiki.

Kutoka Chozi hadi Bembea

Pengine utasema, "Mwalimu, sisi sasa tunasoma Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Chozi la Heri limepita." Kitabu kimepita katika mtihani, swali halijapita. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara anavumilia kipigo na ulevi wa Yona, mumewe, aliyeanza kunywa kwa sababu ya maneno ya wanakijiji kuhusu familia isiyo na mtoto wa kiume. Neema, binti yao, anabeba mzigo wa wazazi na wa wadogo zake. Kabla hujaandika kwamba Sara ni mke mwema kwa kuwa alivumilia, jiulize lile swali: alipovumilia, nani alikuwa upande wake? Na je, kujirudi kwa Yona kunayarudisha yaliyopotea katika afya ya Sara?

Namna ya kujibu

Swali likikutaka ujadili au utathmini kauli kuhusu uvumilivu, fanya hivi. Kwanza, eleza maana ya uvumilivu unavyojitokeza katika kitabu hicho, usianze na methali. Pili, toa wahusika ambao uvumilivu wao ulizaa matunda, na kwa kila mmoja utaje aliyemsaidia. Tatu, toa wale ambao uvumilivu uliwaangamiza, na ueleze walichokosa. Nne, onyesha mbinu ambayo mwandishi ameitumia kulijenga wazo hilo, kama vile majazi, kinaya au mbinu rejeshi. Mwisho, toa msimamo wako kwa sentensi moja au mbili. Ukitaka kuitaja methali, itaje hapo, useme ni wapi inakubalika na ni wapi inakataa.

Nawe mwalimu unayetunga swali, usiandike "thibitisha" pale unapotaka mawazo ya mwanafunzi. Na mwanafunzi akikataa kauli yako kwa ushahidi kutoka kitabuni, mpe alama zake. Huenda anazungumzia zaidi ya kitabu. Baada ya kipindi, mwite kwa upole, umuulize habari za nyumbani. Pengine hana la kusema. Pengine analo, na amengoja muda mrefu kuulizwa. Hapo mfikishe kwa mwalimu mshauri, au mwonyeshe nambari 116, simu ya bure ya watoto.

Yule msichana wangu aliniuliza swali la fasihi, nami nikamwambia asome swali. Sijui kama alikuwa akiuliza juu ya Subira peke yake.