Vichwa vya Treni Vinavyofunguka

Vichwa vya treni vya mfano vilivyotoka viwandani Uingereza kuanzia mwaka 1938 hadi miaka ya 1970 viliundwa vifunguliwe. Bisibisi ndogo ilitosha. Skrubu ikilegezwa, bodi hunyanyuka na mota yote hubaki wazi: sumaku, amecha ya ncha tatu, kaboni mbili na gia. Kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi kilimweleza mnunuzi, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto wa shule, mahali pa kutia tone la mafuta na namna ya kubadilisha kaboni zikilika. Kiwanda hakikumficha kitu. Ufundi wa kutengeneza na kurekebisha vichwa hivi ulikua kutokana na uwazi huo, na ulianza kudhoofika siku uwazi huo ulipoondolewa.

Historia ya vichwa hivi yaweza kusimuliwa upesi. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza mwaka 1901 ya mchezo wa vipande vya chuma uliokuja kuitwa Meccano, alianza kuuza treni za kutia ufunguo mwaka 1920. Mwaka 1938, miaka miwili baada ya kifo chake, kiwanda cha Binns Road kilitoa Hornby Dublo, treni ndogo za volti 12 zinazoweza kutandazwa juu ya meza ya chakula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akatokea mshindani, Tri-ang ya familia ya Lines, aliyejenga kiwanda Margate mwaka 1954 na kutumia plastiki pale Liverpool walipomimina chuma. Bei yake ilifikiwa na mzazi wa kawaida. Mwaka 1964 Tri-ang wakaichukua Meccano, kampuni ya Hornby. Mwaka 1971 kampuni mama, Lines Bros, nayo ikaanguka. Mwaka 1979 milango ya Binns Road ikafungwa.

Vichwa hivi vilizaliwa na kasoro ya vipimo. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa futi 4 na inchi 8½. Katika bara la Ulaya ilikubaliwa kupunguza kila kitu kwa uwiano wa 1:87, na reli ikawa na upana wa milimita 16.5. Lakini treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara, na mota za miaka ya 1930 hazikuenea ndani ya bodi ndogo kiasi hicho. Ikaamuliwa bodi zikuzwe hadi milimita 4 kwa kila futi, yaani 1:76, na reli iachwe ilivyo. Kichwa cha kipimo hicho, kiitwacho OO, husimama juu ya reli iliyobana kwa takriban inchi 7 za treni halisi, kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mdogo wake. Mota ndiyo iliyoamua umbo la mchezo mzima, na kila anayefungua kichwa cha zamani huanzia hapo hapo kwenye mota.

Kichwa kilichokaa darini miaka arobaini hakitiwi umeme. Asiyejua hukiweka relini, hugeuza swichi na kusubiri miujiza. Ndani yake mafuta yameganda kama gundi, vumbi la kaboni limejaa katika nyufa tatu za komyuteta, pete ya shaba inayoguswa na kaboni, na waya wa amecha hupokea umeme wote bila kuzunguka. Dakika moja inatosha kuuunguza. Amecha iliyoungua lazima isukwe upya, na kusuka amecha isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole, kwa waya mwembamba kama unywele, si kazi ya kila mtu. Kwa hiyo mjuzi huanza kwa spiriti, mswaki mkuukuu na kijiti cha mbao kilichochongwa ncha. Kijiti hupitishwa katika ufa mmoja mmoja wa komyuteta mpaka shaba ing'ae na nyufa zionekane safi. Msasa mkali hautumiki, kwa kuwa mikwaruzo yake hugeuka tupa inayozila kaboni mpya.

Mota ya Tri-ang iliyojulikana kwa namba X04, iliyotumika katika vichwa vingi vya Margate tangu miaka ya 1950, ina springi moja ya waya inayokandamiza kaboni zote mbili. Mguu mmoja wa springi hiyo umevikwa kijineli cheusi cha kuzuia umeme. Kijineli hicho ni kifupi kuliko punje ya mchele, na huanguka sakafuni bila kusikika. Kikikosekana, umeme hupita kwenye springi badala ya kupita kwenye amecha, na kichwa hakitatembea hata kisafishwe namna gani. Vichwa vingi vilivyouzwa kama vibovu havikuwa na ubovu mwingine ila huo. Mwenye uzoefu hufungulia mota ndani ya sinia lenye kitambaa cheupe, na kitambaa hicho peke yake kinaeleza amejifunza kwa nani.

Sumaku ndiyo inayodai heshima kuliko sehemu zote. Sumaku za wakati ule hudumisha nguvu zake kwa kuwa na chuma kati ya ncha zake muda wote, na chuma hicho ni amecha yenyewe. Amecha ikichomolewa ovyo, sumaku hubaki na pengo tupu na nguvu hupungua papo hapo. Hakuna mlio, moshi wala alama ya kuonyesha kwamba kuna kilichopotea. Mota hurudishwa ikiwa safi kuliko ilivyokuwa, lakini tabia yake imebadilika: bila mzigo hukimbia ovyo, na ikifungiwa mabehewa matano huchoka, hula umeme mwingi na kupata moto. Aliyeifungua huilaumu kaboni, kisha gia, kisha uzee, asijue kwamba aliidhoofisha mwenyewe kwa sekunde moja.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa rahisi, na uzuri wa ufundi huu wote unaonekana humo. Ni kipande cha chuma laini chenye unene unaolingana na pengo. Amecha inapovutwa nje upande mmoja, kipande husukumwa ndani upande wa pili, pole pole, ili sumaku isikae tupu hata kidogo. Ni kama mtungi unaopokezanwa kisimani, ambapo mkono wa pili hushika kabla wa kwanza haujaachia. Wakati wa kufunga, mwendo huo hurudiwa kinyume. Kazi hii haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji mtu aliyeambiwa na aliyetangulia, na anayekubali kutumia dakika mbili kwa jambo ambalo mtazamaji hataliona. Kipande chenyewe mara nyingi ni ncha ya msumari mnene iliyopigwa tupa, na katika masanduku ya vifaa yanayouzwa baada ya mwenyewe kufariki, hicho ndicho kitu cha kwanza kutupwa, kwa sababu hakifanani na kifaa chochote.

Sumaku iliyokwisha kulegea yaweza kutiwa nguvu upya kwa mashine ya koili, au nafasi yake kuchukuliwa na vipande vya sumaku ya neodimiamu, aina iliyokuja katika miaka ya 1980. Sumaku mpya huvuta vizuri na kupunguza umeme unaoliwa, ingawa ikizidi nguvu amecha huzunguka kwa kushtukashtuka. Uamuzi ni wa mwenye kichwa. Lililo wajibu ni kuihifadhi sumaku ya asili ndani ya boksi, ili anayekuja baadaye aweze kuirudisha.

Upo ugonjwa usio na tiba. Bodi na fremu za chuma cha kumimina zilitengenezwa kwa mazak, mchanganyiko wa zinki na aluminiamu kidogo. Zinki ikiwa safi kabisa, chuma hicho hudumu kizazi baada ya kizazi. Ikiingiwa na risasi hata kidogo sana, huanza kuoza kutoka ndani: huvimba, hupasuka nyufa kama za udongo uliokauka, na mwisho humeguka mkononi. Vichwa vya kabla ya vita ndivyo vilivyoumia zaidi, maana usafi wa zinki ulitegemea uangalifu wa kiwanda, na uchafu wa kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho ulitosha kuharibu. Hapo hapana la kufanya ila kuokoa magurudumu, mota na vibao vya majina, kisha kutafuta bodi nyingine. Inasikitisha kwamba ugonjwa huo huo umerudi katika baadhi ya mifano iliyotengenezwa karne hii, miongo kadhaa baada ya sababu yake kujulikana na kuandikwa.

Plastiki nayo ina maradhi yake. Bodi za kwanza kabisa za kichwa cha Princess Elizabeth, zilizotolewa mwaka 1950 na kampuni ya Rovex kabla haijaingia Tri-ang, zilikuwa za asetati ya selulosi, na nyingi zimepinda kama ndizi. Hazinyooki tena.

Kurekebisha ni jambo tofauti na kutengeneza. Anayetengeneza hukirudisha kichwa kilipokuwa. Anayerekebisha hukipeleka ambako kiwanda hakikufika. Vichwa vya Dublo vilitembea juu ya reli tatu tu hadi mwaka 1959, ambapo mfumo wa reli mbili uliingia. Kukihamisha kimoja kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili ni kuondoa kigusio cha katikati na kuweka magurudumu yasiyopitisha umeme upande mmoja. Wengine hukwangua vishikizo vilivyomiminwa pamoja na bodi na kuweka vya waya halisi, hupasua makaa ya mawe ya kweli na kuyagandisha kwenye behewa la makaa, hubadilisha jina na namba. Wasioridhika kabisa huing'oa ile kasoro ya kuzaliwa: hupanua ekseli zifuate reli ya milimita 18.2, au ya 18.83, kipimo kinacholingana na reli halisi. Kwa milimita mbili na ushei fremu nzima hukatwa na kujengwa upya, na kazi ya wiki moja huchukua majira mazima ya baridi.

Wakusanyaji huwalaumu warekebishaji kwamba wanaharibu rangi ya asili, na lawama hiyo ina ukweli. Kichwa cha mwaka 1938 ambacho rangi yake haijaguswa hakipaswi kupakwa nyingine juu yake. Lakini kile kilichotoka Margate kwa maelfu, kikaangushwa ngazini na kupoteza bomba la moshi, kinapata heshima zaidi kwenye meza ya mrekebishaji kuliko katika mfuko wa takataka.

Afrika Mashariki inaingia katika ufundi huu kupitia reli yake ya mita moja. Vichwa vya aina ya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester na kuanza kufika mwaka 1955, vilikuwa 34 na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa eneo hili. Mount Gelai, namba 5918, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Binns Road hawakuwahi kuunda mfano wake. Anayeutaka huujenga, na hapo treni za zamani humsaidia bila kukusudia: mita moja ikipunguzwa kwa 1:87 hukaribia sana milimita 12, na huo ndio upana wa reli za TT ambazo Tri-ang walianza kuziuza mwaka 1957. Magurudumu yaliyokusudiwa kuvuta treni ya Uingereza juu ya meza ya Waingereza yanaweza hivyo kubeba umbo la kichwa kilichopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Mfumo wa dijitali, unaopeleka amri kwa kila kichwa peke yake kupitia reli, umeleta kazi mpya. Katika mota nyingi za zamani kaboni moja imeunganishwa na fremu. Dekoda, kifaa kinachopokea amri hizo ndani ya kichwa, ikifungwa bila kuitenga kaboni hiyo, huungua mara tu umeme unapowashwa. Kijineli kile kile cheusi, kikivikwa na mguu wa pili wa springi, ni sehemu ya suluhisho.

Mifano ya sasa ni mizuri kwa macho kuliko yote iliyotangulia. Ina vishikizo vyembamba kama uzi na maandishi yasomekayo kwa lenzi. Lakini bodi nyingi zimeshikwa kwa vibanio vinavyovunjika siku ya kwanza ya kufunguliwa, nyaya nyembamba zimepangwa bila nafasi ya kidole, na gia ya plastiki ikipasuka juu ya ekseli mara nyingi hakuna ya kuuzwa peke yake. Mnunuzi huelekezwa kukirudisha kichwa chote, na akiambiwa muda wa dhamana umekwisha, hukiweka kabatini. Mtoto anayekua na treni ya namna hiyo hajifunzi kaboni ni nini, na hapati sababu ya kujifunza. Waliojifunza kutoka kwa vikaratasi vya Liverpool na Margate sasa ni wazee, na vipuri walivyoviweka katika mikebe ya tumbaku huuzwa kwa uzito.

Kichwa kilichokamilika hujaribiwa juu ya duara la reli, nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma, bila mabehewa na kwa mwendo wa taratibu, ili kaboni mpya zichukue umbo la komyuteta. Tone moja la mafuta hutiwa kwenye kila beringi, kidogo kwenye ekseli, na grisi kidogo kwenye gia. Yanayozidi hufutwa. Kisha mafundi waangalifu huandika ndani ya kifuniko cha boksi, kwa penseli, mwezi na mwaka, kilichobadilishwa, na mahali kilipowekwa cha zamani. Chini ya maandishi hayo huachwa nafasi ya mwandiko mwingine. Katika maboksi mengi yanayofikia minada siku hizi, nafasi hiyo bado ni tupu.